Kuhesabu Kila Mtu Mara Moja: Mwongozo wa Sensa kwa Makarani na Viongozi wa Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Sensa huonekana kazi nyepesi kwa anayeitazama kwa mbali: karani hubisha hodi, huuliza, huandika, kisha huenda nyumba ya pili. Ugumu wake umo katika sharti moja lisilo na msamaha, kwamba kila mtu aliyelala ndani ya mipaka ya nchi usiku uliotangazwa lazima ahesabiwe, tena ahesabiwe mara moja tu na mahali pamoja. Sharti hilo linapofika kwenye vijiji vya Makete vilivyotenganishwa na mabonde, kwenye tambarare za Usangu ambako mifugo huhama kufuata maji, kwenye machimbo ya Chunya na kwenye foleni za malori ya Tunduma, ndipo inapoonekana kwamba kuhesabu kwenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuamua nani ni wa wapi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya karani wa sensa, mtendaji wa kijiji au wa kata, na mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa. Tangu Muungano, Tanzania imefanya sensa sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kwa utaratibu wa kila baada ya miaka kumi, ijayo inatarajiwa mwaka 2032. Muda huo si wa kupumzika, kwa sababu makosa mengi ya sensa huzaliwa miaka kadhaa kabla karani wa kwanza hajaapishwa, na yale yanayohusu mipaka hayarekebishiki tena usiku wenyewe ukishafika.

Anza na mipaka

Nchi nzima hugawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu, na kila eneo hukabidhiwa karani wake. Maeneo mawili yakiingiliana, kuna watu watakaohesabiwa mara mbili. Yakiacha pengo katikati, kuna watu ambao hawatafikiwa na mtu yeyote. Wataalamu wa ramani wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupita vijijini mapema kuyachora, na hapo ndipo kiongozi wa kitongoji anapoweza kuisaidia sensa kuliko wakati mwingine wowote. Asiwapokee ofisini na kuwaelekeza kwa kidole. Aongozane nao mpaka nyumba ya mwisho kwa kila upande, hata kama nyumba hiyo iko ng'ambo ya korongo, kama ilivyo mara nyingi kwenye miteremko ya milima ya Uporoto na Livingstone, ambako nyumba huonekana kwa macho lakini kuifikia ni safari. Watu wa nyumba ya namna hiyo huweza kusali kijiji kimoja na kutoa michango ya shule kijiji kingine. Viongozi wa pande zote mbili wakidhani kwamba ni wa mwenzao, imekosekana. Kila mmoja akidai kuwa ni wake, imerudiwa.

Mpaka ufuate kitu kisichohama. Barabara, reli na mgongo wa mlima ni alama nzuri. Ua, mti mkubwa au mfereji wa umwagiliaji si alama ya kutegemea, maana vyote hivyo hubadilika kati ya mwaka wa kuchora ramani na mwaka wa kuhesabu. Mto nao ni alama nzuri pale tu unapokaa mahali pake. Mto Songwe, unaotutenganisha na Malawi, umejulikana kwa muda mrefu kwa kubadili mkondo wakati wa mafuriko, hata nchi zetu mbili zikaanzisha mpango wa pamoja wa bonde lake ambao miongoni mwa madhumuni yake ni kuzituliza kingo za mto huo. Kwa vijiji vya Kyela na Ileje vilivyo kandokando yake, orodha ya kaya za ukingoni inapaswa kuhakikiwa upya kwa miguu miezi michache kabla ya sensa, bila kutegemea ramani iliyochorwa kabla ya masika.

Kuna mpaka mwingine unaohama bila maji yoyote, nao ni mpaka wa utawala. Mwaka 2012 Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa kuwa na watu 2,707,410, na mwaka 2022 ukahesabiwa kuwa na watu 2,343,754. Asiyejua kilichotokea katikati anaweza kusema kwamba Mbeya imepungukiwa na watu zaidi ya 360,000, na akajenga juu ya hesabu hiyo hoja nzima kuhusu uhamaji au maradhi. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Takwimu za 2012 zikipangwa kwa mipaka ya sasa, Mbeya ilikuwa na watu 1,708,548 na Songwe 998,862. Kufikia 2022 Songwe ilikuwa na watu 1,344,687, na kwa hiyo mikoa yote miwili imekua. Jambo hilohilo hutokea kwa kata na vitongoji vinavyogawanywa kila mara, lakini huko hakuna gazeti linaloandika habari zake. Kila mtendaji na awe na daftari la mabadiliko ya mipaka, lenye tarehe ya mabadiliko, majina ya vitongoji vya zamani vilivyozaa kipya, na makadirio ya kaya zilizohamishwa kila upande. Daftari hilo halina gharama, na bila hilo hakuna mtakwimu, hata awe hodari namna gani, atakayeweza kulinganisha kata yako ya leo na kata yako ya miaka kumi iliyopita.

Operesheni ya anwani za makazi iliyotangulia sensa ya 2022 ilirahisisha mambo, kwa kuwa nyumba nyingi zilipata namba na barabara nyingi zikapata majina. Hata hivyo namba ya nyumba hueleza jengo, haielezi waliomo, na nyumba iliyojengwa baada ya operesheni haina namba. Karani asikubali kupita nyumba isiyo na kibao kwa sababu tu haimo kwenye orodha yake.

Usiku unaohesabika

Tanzania huhesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Walio safarini, wageni kwenye nyumba za kulala wageni, wagonjwa waliolazwa na watu wasio na makazi walianza kuhesabiwa saa sita usiku huohuo, kisha makarani wakaendelea nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa, na muda ukaongezwa ili waliokuwa hawajafikiwa wahesabiwe. Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa kwanza kwa karani. Anaweza kufika kwenye kaya siku ya tano au ya sita, akakuta wageni waliokuja jana na wenyeji walioondoka juzi, na bado majibu yote yanapaswa kuhusu usiku uleule.

Kanuni zake ni hizi. Mgeni aliyelala hapo usiku ule anahesabiwa hapo, hata kama kwake ni Dar es Salaam na amekwisha kuondoka. Mwenyeji aliyelala kwingine hahesabiwi hapo, hata kama ndiye mwenye nyumba na amesimama mbele yako akiwa na hati ya kiwanja mkononi. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita usiku haingii; aliyefariki baada ya saa hiyo anaingia, na familia yake iulizwe kwa upole unaostahili. Mlinzi, muuguzi wa zamu na mvuvi aliyekuwa ziwani usiku kucha huhesabiwa kwenye kaya zao wanakorejea asubuhi.

Swali la kuanzia lina uzito kuliko maswali mengi yanayofuata. Karani asiulize, "Mpo wangapi hapa?" Anayeulizwa hivyo hutaja watu anaowaona kuwa wa nyumba hiyo, akimjumuisha mwanawe anayesoma chuo Iringa mjini na kumwacha kijana wa kuchunga ng'ombe anayelala kibanda cha nyuma. Aulize, "Ni nani na nani waliolala hapa usiku wa kuamkia Jumanne ile?" kisha aandike majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mara aulize tena: je, kuna kichanga ambaye hatujamtaja? Kuna mzee au mgonjwa ndani? Kuna msaidizi wa kazi, kibarua, mpangaji, au ndugu aliyepita njiani? Watoto wachanga ndio wanaosahaulika kuliko wote, nchini kwetu na kwingineko duniani, na wanaosahaulika leo ndio watakaokosa dawati na chanjo kesho, kwa sababu halmashauri hupanga kwa kufuata idadi.

Sasa yaangalie makundi yanayohama, maana ukanda huu unayo mengi kuliko mtu anavyodhani.

Tunduma, kwenye mpaka na Zambia, kuna usiku ambao foleni ya malori ni ndefu na madereva pamoja na utingo wao hulala ndani ya magari. Hao wote, Watanzania na wageni, wamo ndani ya mipaka ya nchi na wanahesabiwa. Wakisubiriwa mpaka asubuhi watakuwa wamevuka, au watakuwa Mbeya, au Makambako. Kwa hiyo kwenye maeneo ya maegesho, stendi na gesti, kikosi kiwe tayari kabla ya saa sita usiku, kila karani akiwa na kipande chake cha barabara kinachoanzia na kuishia kwenye alama inayojulikana, na kila aliyehesabiwa aelezwe wazi kwamba akiulizwa tena mbele ya safari aseme amekwisha kuhesabiwa, na wapi.

Katika Usangu, wilayani Mbarali, mwezi Agosti ni kiangazi, na wafugaji huwa wamesogea kufuata malisho na maji. Wengi wao wana kumbukumbu ya kuondolewa kwenye bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007. Mtu anayefika kambini akiwa na kishikwambi na kitambulisho cha serikali, bila kutanguliwa na mtu yeyote anayejulikana, atawakuta wazee wawili na ndama, na wengine wote watakuwa wamekwenda porini. Njia inayofaa ni kumtumia mtu wa jamii yao, awe Msukuma, Mmasai au Mbarabaig, kama mwongozaji anayelipwa, na kuanza mazungumzo wiki kadhaa kabla, kwenye mnada wa mifugo, ambako wanaume wa kambi nyingi hukutana kwa siku moja. Mnadani ndipo pia pa kuulizia kambi ambazo hazimo kwenye ramani.

Chunya ina tatizo la namna nyingine. Mchimbaji mdogo huhama habari ya dhahabu inapofika, na kambi iliyokuwa na mamia ya watu mwezi Mei inaweza kuwa mashimo matupu mwezi Agosti. Ramani haiwezi kushindana na kasi hiyo. Karani apate orodha ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yanayofanya kazi kutoka kwa wasimamizi wa machimbo siku chache tu kabla ya usiku wenyewe, na awahesabu wachimbaji mahali wanapolala, jioni, maana mchana wamo chini ya ardhi au wamo kwenye mialo ya kuoshea. Wapika chakula na wauza maji wa kambini wasisahauliwe; mara nyingi ni wanawake wenye watoto, na hakuna msimamizi anayewaweka kwenye orodha yake.

Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, Rungwe na Njombe, kiangazi chenye baridi hupunguza majani, na vibarua wengi hurudi makwao. Kambi ya shamba itaonekana kuwa na vyumba vingi vyenye kufuli. Hilo si kosa la sensa, ila karani athibitishe na mnyapara kwamba chumba kilikuwa kitupu usiku ule, asiandike tu kuwa hakuna mtu. Wapasua mbao waliopiga kambi kwenye misitu ya Sao Hill wako kinyume: kiangazi ndio msimu wao, na wanalala ndani kabisa ya msitu. Vijiji vya Ludewa vilivyo mwambao wa Ziwa Nyasa, ambavyo baadhi yake hufikiwa kwa urahisi zaidi kwa chombo cha majini, vipangiwe usafiri na mafuta yake mapema, kwa kuwa upepo wa ziwa hausubiri ratiba ya wilaya.

Liko pia jambo dogo linalowapotezea makarani wengi muda. Katika Iringa na Njombe, kiangazi ni wakati wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na familia nzima hushinda bondeni ikimwagilia maharage na mboga mpaka jua linapokaribia kuzama. Anayepita saa nne asubuhi atakuta milango imefungwa, atarudi saa nane na kukuta vivyo hivyo, na mwishoni atashawishika kumwuliza jirani. Jirani haruhusiwi kujibu badala ya kaya isipokuwa kama njia nyingine zote zimeshindikana, maana majibu ya jirani huwa sahihi kwa majina na mabaya kwa umri. Pita alfajiri, au pita jioni moshi ukiwa unatoka jikoni.

Kaya ni ipi

Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Haitegemei udugu, wala paa. Boma moja la Wasafwa linaweza kuwa na kaya tatu, kila mke akiwa na jiko lake na ghala lake. Na nyumba moja ya kupanga mtaa wa Mabatini jijini Mbeya inaweza kuwa na kaya nane, chumba kwa chumba. Mume mwenye wake wengi huandikwa kwa mke ambaye alilala kwake usiku wa sensa, na kwa wake wengine hatajwi kabisa, hata kama wanamtambua kuwa mkuu wa kaya. Mke aliyebaki na watoto ndiye anayeandikwa kuwa mkuu wa kaya yake kwa ajili ya kazi hii. Mweleze hivyo kwa staha, kwa sababu wapo watakaoona kwamba ndoa yao imefutwa kwenye vitabu vya serikali.

Heshima za familia nazo huingia kwenye takwimu. Kwa mila za Wanyakyusa, mkaza mwana humwepuka baba mkwe wake na hukwepa hata kulitaja jina lake. Karani mgeni anayemwuliza binti aliyeolewa Rungwe jina la mzee anayelala nyumba ya mbele atapata kimya, au jina la kubuni, au mzee hatatajwa kabisa. Anayejua mila hiyo humwita mtoto au mume ajibu swali hilo moja, kisha huendelea na mama. Vivyo hivyo, mtu aingie kwa salamu za mahali: "Ugonile" kwa Wanyakyusa, "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, na shikamoo kwa kila mkubwa. Dakika moja ya salamu huokoa robo saa ya mashaka.

Umri

Hakuna jibu linaloharibika zaidi kuliko umri. Ukichora idadi ya watu kwa kila umri katika sensa nyingi za Afrika, utaona vilele kwenye 30, 35, 40, 45 na 50, na mabonde kwenye 31, 39 na 41, kana kwamba watu huzaliwa kwa miaka ya kuchagua. Hiyo ni dalili ya watu kukadiria na makarani kukubali. Wanatakwimu hupima kasoro hiyo kwa kipimo cha Whipple, kinachoangalia umri wa kuanzia miaka 23 hadi 62: jibu likiwa 100, hakuna mvuto wowote wa 0 na 5, likiwa 500, kila mtu ametaja umri unaoishia na tarakimu hizo. Msimamizi makini anaweza kuona dalili hiyo mapema bila kanuni yoyote. Akikuta kwamba watu wazima wengi katika orodha ya karani mmoja wana umri unaoishia na 0 au 5, amrudishe nyumba kadhaa siku ileile.

Dawa yake ni kalenda ya matukio, na kalenda nzuri huandaliwa wilayani, kwa kuwa tukio linalokumbukwa Kalenga si lazima likumbukwe Kyela. Kwa Iringa, wazee wanakumbuka kurudishwa kwa fuvu la Mtwa Mkwawa mwaka 1954, na wengi wanakumbuka kuuawa kwa mkuu wa mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, huko Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971. Kwa Mbeya na Makambako, ujenzi wa reli ya TAZARA, ulioanza mwaka 1970, ni nguzo ya kuaminika. Kwa mikoa yote yapo Uhuru wa mwaka 1961, Azimio la Arusha la 1967, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine Aprili 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999.

Kalenda hutumika kwa mazungumzo. Chukulia bibi anayesema kwamba fuvu liliporudishwa alikuwa tayari anabeba mdogo wake mgongoni kwenda kuangalia umati. Msichana anayebeba mtoto kwa mwendo huo huwa na miaka saba, minane au tisa. Basi alizaliwa kati ya 1945 na 1947. Muulize kisha kama alikuwa ameolewa wakati wa Uhuru, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya Azimio. Majibu mawili yakielekea mwaka mmoja, umepata umri ulio bora kuliko "sabini na kitu". Kwa watoto, omba kadi ya kliniki. Na uandike miaka iliyotimia: mtoto anayesemwa kuwa "anaingia miaka mitano" ana minne, na asiyetimiza mwaka ni sifuri. Watoto wasiotimiza mwaka wakiandikwa kuwa na mwaka mmoja, wilaya itaonekana kuwa na uzazi mdogo kuliko ilio nao.

Imani ya watu

Watu huficha watu kwa sababu zinazoeleweka. Yupo anayeogopa kodi, yupo mwenye mgeni asiye na karatasi, yupo anayeamini kwamba kutaja hesabu ya watoto kunawaita wenye husuda. Sheria ya Takwimu humfunga karani kutotoa taarifa za mtu binafsi, naye hula kiapo cha kutunza siri. Lakini kiapo ambacho mwananchi hajakiona hakimlindi moyoni. Mwenyekiti wa kitongoji na alisome jambo hilo mbele ya mkutano wa hadhara, na yeye mwenyewe asisimame kando ya karani wakati wa mahojiano. Ni kosa ninaloliona kubwa kuliko linavyochukuliwa: kiongozi anayekusanya michango, akisikiliza idadi ya watu na ya ng'ombe wa kila kaya, hugeuza sensa kuwa upelelezi hata kama hana nia hiyo. Aongoze njia, atambulishe, kisha akae mbali asisikie.

Yapo pia makundi yenye neno lao na serikali. Maswali ya dini na kabila yaliulizwa mwaka 1967 na hayakuendelea katika sensa za baadaye, na mwaka 2012 baadhi ya waumini walihimizana kutohesabiwa wakidai swali la dini lirudishwe. Hilo hutatuliwa na viongozi wa dini kwa mazungumzo ya miezi kabla, na halitatuliwi mlangoni kwa vitisho. Uteuzi wa Spika mstaafu Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, kuwa Kamisaa wa Sensa ya 2022 ulisaidia kuipa kazi hiyo sura ya mtu anayejulikana, na kila kata inaweza kumtafuta mtu wake wa namna hiyo, awe mwalimu mstaafu au mkunga.

Kishikwambi

Mwaka 2022 vishikwambi vilichukua nafasi ya madodoso ya karatasi. Faida yake ni kubwa: mtambo hukataa mama aliye mdogo kuliko mwanawe na hurekodi mahali karani alipo. Hauwezi, hata hivyo, kumjua mtu ambaye hakutajwa. Kuhusu utunzaji wake, betri huisha upesi penye baridi kali ya Kitulo na Makete, kwa hiyo kibebwe ndani ya koti, na betri ya akiba iwe imejazwa. Takwimu zitumwe kila siku penye mtandao, hata kama ni kilimani.

Kupima kosa na kulikubali

Hakuna sensa isiyo na kosa, na nchi inayolipima kosa lake inastahili kuaminiwa kuliko inayolinyamazia. Afrika Kusini ilitangaza kwamba sensa yake ya 2022 iliwakosa takriban asilimia 31 ya watu, na ikarekebisha hesabu kwa kiasi hicho. Kipimo kinachotumika ni utafiti wa tathmini, unaofanywa muda mfupi baada ya sensa kwenye maeneo machache yaliyochaguliwa kwa kubahatisha, ambako kaya huhojiwa upya na majina kulinganishwa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme katika eneo fulani sensa ilipata watu 900, utafiti ukapata 800, na 720 kati yao wameonekana mara zote mbili. Utafiti umewakuta watu 800, na sensa ilikuwa imewapata 720 miongoni mwao, yaani asilimia 90. Ikiwa sensa iliwapata asilimia 90 ya wote, basi wale 900 ni asilimia 90 ya watu 1,000, na waliokosekana ni 100. Njia hii hufanya kazi kwa sharti kwamba hesabu ya pili haitegemei ya kwanza. Karani wa tathmini asiwe yule wa awali, asipewe orodha ya zamani, na mtendaji asimtembeze kwenye nyumba zilezile anazojua kwamba zilihesabiwa vizuri. Kiongozi anayefanya hivyo akidhani anailindia kata yake sifa huficha watu 100 ambao bajeti ingewafikia.

Matokeo yakirudi kata yako, yaweke kando ya vitu unavyovijua: uandikishaji wa darasa la kwanza, orodha ya chanjo ya watoto, idadi ya kaya kwenye daftari la wakazi. Usitegemee vilingane, kwa kuwa kila kimoja huhesabu kitu chake. Tafuta tofauti isiyo na maelezo. Kitongoji ambacho watoto wa miaka sita kwenye sensa ni wachache kuliko walioandikishwa shuleni kinahitaji kutembelewa, na sababu inayopatikana, iwe ni kambi iliyorukwa, mpaka uliohama au wanafunzi wanaotoka kijiji jirani, iandikwe kwenye daftari la mipaka na nakala ipelekwe kwa mtakwimu wa mkoa. Mtendaji anayehamishwa kituo amkabidhi mwenzake daftari hilo kwa maandishi, pamoja na muhuri na nyaraka nyingine za ofisi.